Mipaka Inayokatana: Kyela na Elimu ya Ugomvi na Upatanisho

Ugomvi kati ya watu wawili ni jambo la kawaida katika kila jamii, na hauhitaji sayansi kuuelezea. Jambo linalohitaji kuelezwa ni kwa nini mahali pamoja ugomvi huo huishia barazani kwa wazee wachache, na mahali pengine hukua hata ukawa uadui wa kundi zima dhidi ya kundi zima, urithiwao na watoto ambao hawakuuona mwanzo wake. Wataalamu wa elimu jamii na saikolojia wamelitafiti swali hili kwa miaka mingi katika nchi zilizogawanyika. Sehemu moja ya jibu, na sehemu iliyo muhimu, ilipatikana ndani ya mipaka ya Tanzania, katika nchi ya Wanyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa.

Wilaya ya Kyela, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe, ni tambarare yenye mvua nyingi. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani na kumwaga udongo wake humo kabla ya kuingia ziwani, na udongo huo ndio uoteshao mpunga, migomba na kakao. Upande wa mashariki husimama milima ya Livingstone, makao ya Wakinga. Chini ya milima hiyo, ufukoni, wako Wakisi, mafundi wa vyungu, ambao kwa vizazi vingi wamebadilishana vyungu vyao na nafaka ya Wanyakyusa. Magharibi wako Wandali, na ng'ambo ya Songwe, katika nchi ya Malawi, wako Wangonde wa Karonga, ambao lugha yao na Kinyakyusa ni karibu lugha moja. Watu hawa wote wamebanana katika ukanda mwembamba kati ya maji na mlima. Mahali pa namna hiyo sababu za kugombana hazikosekani.

Vijiji vya marika

Mwaka 1934 aliwasili huko Godfrey Wilson, mtafiti kijana kutoka Uingereza, na baadaye akafuatwa na mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Walijifunza Kinyakyusa, wakaishi miongoni mwa watu, na uchunguzi wao ukaendelea hadi mwaka 1938. Walisaidiwa na Leonard Mwaisumo, karani na mfasiri wao. Bila yeye kurasa nyingi za daftari zao zisingeandikwa. Yafaa jina lake litajwe, kwani katika utafiti wa zama zile wasaidizi Waafrika walifanya kazi kubwa na kuachwa nje ya jalada la kitabu. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica ndiye aliyeandika vitabu vikuu kutokana na daftari za wote wawili, cha kwanza mwaka 1951 na cha mwisho mwaka 1977.

Walichokikuta hakikuwa kimeonekana mahali pengi duniani. Katika sehemu kubwa ya Afrika kijiji ni cha ukoo: baba, wanawe na wajukuu hukaa pamoja. Kwa Wanyakyusa kijiji kilikuwa cha rika. Mvulana alipofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka nyumbani kwa baba yake usiku, akaenda kulala na wenzake wa umri mmoja katika vibanda walivyojijengea pembeni. Bado alichunga ng'ombe wa baba yake, na baadaye kumlimia. Bado alikula kwa mama, lakini hakwenda peke yake: wavulana walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipooa walileta wake zao katika kijiji kile kile, na vibanda vya watoto vikageuka kuwa kijiji cha watu wazima. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, yaani kutoka. Hapo vijana walikabidhiwa nchi, moto wa zamani ulizimwa na mpya ukapekechwa, na wazee wakasogea kando.

Wanyakyusa walipoulizwa sababu za desturi hii walitaja kwanza heshima. Haifai mtoto aliyekua awe karibu na faragha ya wazazi wake, wala mke wa mwana aonane na baba mkwe. Sababu ya pili waliiita ukwangala, neno ambalo kwa Kiswahili twaweza kulieleza kuwa ni raha ya kuwa pamoja na wenzako: kula, kunywa na kuongea na watu wa hirimu yako bila woga. Mtu aliyekula peke yake, hata kama ni chakula cha jasho lake, alihesabiwa kuwa ameiharibu ukwangala.

Sasa yafaa tutazame jambo ambalo wenyeji hawakulitaja, kwa kuwa lilikuwa kama hewa waivutayo. Katika mpango huu mtu alikuwa na makundi mawili tofauti kabisa. Jirani zake, walioilinda nyumba yake na kula naye, hawakuwa ndugu zake. Ndugu zake, waliokuwa na haki katika ng'ombe wa ukoo na waliomtolea ng'ombe wa mahari, walikaa vijiji vingine. Tuseme kijana wa kijiji kimoja amempiga kijana wa kijiji cha pili kwa sababu ya ng'ombe walioingia shambani. Wenzake wa rika watasimama upande wake. Lakini katika kijiji cha pili anakaa baba yake mdogo, na mume wa dada yake, ambaye ng'ombe wake ndio watakaomwozesha. Katika kijiji cha kwanza nako wamo watu wenye ndugu kijiji cha pili. Wote hao watapata hasara ugomvi ukikua, na kila mmoja, bila kuagizwa na chifu, ataanza kutafuta njia ya kuumaliza.

Dai la Gluckman

Rafiki na mwanafunzi mwenzao akina Wilson katika fani hii, Max Gluckman, aliyekuwa profesa Manchester, alilifanya wazo hili kuwa kanuni. Katika hotuba alizozitoa kwa redio ya Uingereza mwaka 1955 alikusanya mifano kutoka kwa Wanueri wa Sudan, Watonga wa Zambia na wengineo, akadai kwamba amani ya jamii haitokani na kukosekana kwa migawanyiko, bali hutokana na migawanyiko mingi inayokatana. Dai hili linashangaza mara ya kwanza lisikiwapo. Sisi huambiwa kwamba umoja ni kuwa kitu kimoja. Gluckman alisema kuwa jamii yenye mstari mmoja tu wa mgawanyiko ndiyo iliyo hatarini, na jamii yenye mistari kumi inayopishana huweza kugombana kila siku isivunjike.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili ubaoni kwa mraba wenye vyumba vinne. Kwa mlalo andika migawanyiko ya namna moja, tuseme kijiji cha juu na kijiji cha chini. Kwa wima andika ya namna nyingine, tuseme ukoo wa kwanza na ukoo wa pili. Kisha weka kila mtu katika chumba chake. Ikiwa watu wote wamejaa katika vyumba viwili vya pembe zinazokabiliana, na vingine viwili ni vitupu, basi mipaka imelaliana: aliye mgeni kwako kwa kijiji ni mgeni kwako kwa ukoo pia, na hakuna mtu wa katikati. Ikiwa watu wametapakaa katika vyumba vyote vinne, mipaka inakatana, na watu wa vile vyumba viwili vya pili ndio wapatanishi wa asili. Hawahitaji kuwa wema kuliko wengine. Mahali walipo ndipo panapowalazimisha.

Hasira isemwe

Kukatana kwa mipaka kunaeleza kwa nini watu hutaka kupatana. Hakuelezi wanapatanaje. Hapa tena maandishi ya Monica Wilson, hasa kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya ibada za ukoo, yana jambo la kufundisha.

Wanyakyusa wa zama zile waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni hudhuru. Baba au mzee wa ukoo akinung'unika peke yake huweza kumfanya mwana augue au akose uzazi. Majirani nao, wakishangazwa na tendo baya la mwenzao na kulinong'ona, pumzi yao huweza kumletea baridi na homa. Si kazi ya mwanasayansi kuthibitisha wala kukanusha pumzi hiyo. Kazi yake ni kutazama imani hiyo iliwafanya watu watende nini. Iliwafanya waseme. Katika ibada ya ukoo haikutosha mgomvi kuja, kuketi na kunywa pombe pamoja na wenzake. Ilimpasa kwanza aitoe hasira yake hadharani, aseme ni nani aliyemkosea na kwa lipi, na wenzake wamjibu. Ibada iliyofanywa na watu waliotabasamu huku wameficha chuki ilihesabiwa kuwa bure, tena hatari kuliko kutofanywa kabisa.

Jambo linalofanana na hili lilichunguzwa kwa Wataita wa Kenya na Grace Harris, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1978. Huko mtu aliyekuwa na kinyongo alipiga funda la kinywaji na kulitema huku akitamka kwamba ameiacha hasira yake. Watu hawa wawili, wa Nyasa na wa milima ya Taita, hawakuigana. Kila mmoja kwa njia yake alifikia kanuni moja, kwamba upatanisho usiotanguliwa na maneno ya kweli ni kufunika moto kwa majani.

Lakini nchi hiyo haikuwa pepo. Kabla ya utawala wa Wajerumani milki ndogo ndogo za Wanyakyusa zilipigana. Ndani ya vijiji vilivyosifiwa kwa ukwangala kulikuwa na tuhuma za uchawi, na Monica Wilson alionyesha mwaka 1951 kwamba tuhuma hizo zilifuata ramani ya maisha. Walioshukiwa mara nyingi walikuwa majirani, si ndugu, na uchawi wenyewe ulisemwa kuwa ni tamaa ya nyama na maziwa, ukiishi tumboni kama chatu. Yaani hofu ilikaa pale pale walipokula pamoja. Alipowalinganisha na Wapondo wa Afrika Kusini, wanaokaa kwa koo, alikuta kwamba huko tuhuma zina sura nyingine kabisa. Jamii haiondoi uchungu wake; huuhamisha kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Ikumbukwe pia kwamba mpango huu wote ulitegemea ardhi kuwa tele. Wazee waliweza kusogea kando kwa kuwa palikuwa na mahali pa kusogelea. Philip Gulliver, aliyeichunguza Rungwe katika miaka ya 1950, alieleza jinsi nchi ilivyojaa. Wanaume walikuwa wakienda migodini kwa mikataba, kahawa ilikuwa imepandwa milimani, na mashamba ya mpunga ya Kyela yalikuwa yamepata thamani. Mbuni haung'olewi ukahamishwa rika jipya linapotoka, na mwenye shamba zuri la mpunga hapendi kuliacha kwa ajili ya sherehe. Vijiji vya marika vikafifia, na mashauri ya mipaka ya mashamba yakaongezeka, mengi kati ya watu wa damu moja. Wako pia wanataaluma, kama Simon Charsley mwaka 1969 na Michael McKenny mwaka 1973, waliochambua upya maandishi ya akina Wilson na kuhoji kama mpangilio ulikuwa nadhifu kama ulivyochorwa. Shaka hiyo ni ya haki. Hata hivyo kanuni ya Gluckman haisimami juu ya Wanyakyusa peke yao, na imejaribiwa kwingine.

Kanuni yapimwa

Jaribio lijulikanalo zaidi lilifanywa na Muzafer Sherif huko Oklahoma, Marekani, mwaka 1954. Wavulana 22 wa umri wa miaka kumi na mmoja hivi, umri ule ule wa wavulana wa Kinyakyusa walipojenga vibanda vyao, walipelekwa kambini kwa makundi mawili yasiyojuana. Yaliposhindanishwa michezo yalichukiana kwa siku chache tu, yakachomeana bendera. Kuwakutanisha mezani hakukusaidia, walirushiana chakula. Uadui ulipungua pale tu yalipotokea mambo ambayo kundi moja halikuweza peke yake, kama vile kutafuta kasoro ya maji ya kambi na kuvuta lori lililokwama.

Hayo yamo katika vitabu vingi vya shule. Lisilojulikana sana ni kwamba mwaka uliotangulia, 1953, Sherif alifanya jaribio lingine, nalo likamshinda. Safari ile wavulana waliachwa wachangamane kwanza, wakapata marafiki, ndipo wakagawanywa. Watafiti walijitahidi kuwagombanisha wasifaulu. Kitabu cha Gina Perry cha mwaka 2018 kimeyaeleza hayo kwa kirefu. Mtu aliyesoma habari za Kyela hatashangaa: mpaka mpya wa kambi ulikatana na urafiki wa zamani, na vyumba vyote vinne vya mraba vilikuwa na watu.

Haidhuru mpaka wenyewe ni mdogo kiasi gani. Henri Tajfel wa Bristol alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba wavulana wa shule walioambiwa tu kuwa wanapenda picha za mchoraji fulani kuliko mwingine walianza kuwapendelea kwa fedha wenzao wa kundi hilo, ambao hata hawakuwajua. Kwa hiyo tabia ya kugawanyika iko karibu sana na binadamu. Ila mgawanyiko upi upate nguvu, hilo huamuliwa na mazingira. Mwaka 2004 Daniel Posner alichapisha uchunguzi wake wa vijiji vya Wachewa na Watumbuka vilivyo pande mbili za mpaka wa Malawi na Zambia, si mbali na ziwa letu. Ni watu wale wale, wenye desturi zile zile. Nchini Malawi, ambako kila kabila ni kubwa kiasi cha kufaa kuwa kambi ya siasa, walitazamana kama wapinzani. Nchini Zambia, ambako yote mawili ni madogo, walikuwa washirika. Mwaka huo huo Edward Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, akaona kwamba huko Busia mchanganyiko wa makabila uliambatana na michango duni ya shule, na Meatu haukuambatana nayo. Alitaja siasa za kujenga taifa, lugha ya Kiswahili ikiwa mojawapo, kuwa ndiyo sababu. Wilaya mbili ni chache kwa hukumu kubwa namna hiyo, lakini tofauti yenyewe haiwezi kupuuzwa.

Na ile kanuni ya kusema hasira? Nayo imepimwa, huko Sierra Leone, baada ya vita vya mwaka 1991 hadi 2002. Vijiji 200 viligawanywa kwa kura. Nusu vilifanyiwa mikutano ambamo walioteswa na waliotesa walisema hadharani yaliyotokea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuwa na pande mbili. Katika vijiji vilivyokutana watu walisamehe zaidi, walipata marafiki zaidi, na walichangia zaidi kazi za kijiji. Lakini watu hao hao walikuwa na huzuni, wasiwasi na majeraha ya moyo zaidi kuliko wenzao wasiokutana, na hali hiyo ilidumu kwa muda mrefu. Jamii ilipona kwa gharama ya mtu mmoja mmoja. Ukilinganisha na Wanyakyusa, tofauti inaonekana upesi. Kwao kusema hakukuwa tukio la siku moja lililoletwa na wageni. Kulirudiwa katika misiba na magonjwa, mbele ya watu ambao kesho yake wangekula pamoja na msemaji.

Songwe na ziwa

Maswali haya yana uzito wa pekee Kyela kwa sababu mpaka mkubwa kuliko yote huko haukuwekwa na wakazi. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 ulipitisha mstari kwenye ufuko wa mashariki, kaskazini na magharibi wa ziwa hadi mlango wa Songwe, kisha ukaupandisha na mto. Malawi huushika mkataba huo kwa herufi zake, na kwa tafsiri hiyo mvuvi wa Kyela aingizapo miguu majini amekwisha kuvuka mpaka. Tanzania hushikilia kwamba mpaka uko katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa. Suala hilo lilizua maneno makali mwaka 1967, na tena kuanzia mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni za kutafuta mafuta ziwani. Usuluhishi ulioongozwa na rais wa zamani wa Msumbiji, Joaquim Chissano, haukulimaliza.

Mto nao una tabia yake. Katika tambarare Songwe hupinda na kufurika, na baada ya mafuriko makubwa huweza kuacha mkondo wake na kuchimba mwingine, hata shamba lililolala nchi moja likaamkia nyingine. Kwa hesabu ya kawaida hapo ndipo pangetazamiwa ugomvi mkali. Lakini mraba wa vyumba vinne, ukichorwa kwa ajili ya kingo hizo mbili, haukosi watu katika chumba chochote: wapo raia wa nchi mbili wenye lugha karibu moja, wanaooana na kuzikana. Na serikali zote mbili zimepata lori lao la kuvuta kwa pamoja, kwani mto hauwezi kutulizwa kutoka ukingo mmoja. Ndiyo maana zilitia sahihi mwaka 2017 makubaliano ya kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe.

Wanafunzi wa shule za Kyela, na za mahali popote penye makundi, wanaweza kuifanya kazi hii wenyewe. Kila mmoja aandike katika karatasi isiyo na jina kijiji chake, dhehebu lake, timu aipendayo na lugha ya mama yake. Karatasi zikusanywe, michoro ya mraba ifanywe kwa kila jozi ya migawanyiko, na watu wa kila chumba wahesabiwe. Chumba kitakachokutwa kitupu ndicho cha kuchunguzwa kwanza.